Kabla ya Kulipia Meza, Tembelea Maonesho Kwanza



Mahindi yameingia ghalani, karanga zinamenywa, masoko ya tumbaku yanaendelea na barabara zetu zinapitika. Ni kipindi hiki ndipo simu zinapoanza kuita: "Mwenyekiti, jiandaeni, kikundi chenu kimechaguliwa kwenda kwenye maonesho." Kikundi kinafurahi. Michango inakusanywa, fulana zinachapishwa, watu wawili wanapanda gari na mzigo. Baada ya siku nane wanarudi na mzigo uleule, na juu yake deni.

Leo sizungumzii mbolea wala viwavijeshi. Nazungumzia kazi zenu za mikono za kiangazi: mashuka ya viraka, mikeka, vikapu, vyungu, asali iliyofungashwa. Maoni yangu ni haya, na najua baadhi ya wenzangu maafisa hawatayapenda: usilipie meza kwenye maonesho ambayo hujawahi kuyatembelea kama mgeni wa kawaida. Nenda kwanza ukatembee mikono mitupu. Ukisharudi nyumbani, ndipo uamue kama pale ni mahali pa kazi yako.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimeona kizuri kikipelekwa, kikasifiwa, kikapigwa picha, kikarudi kijijini kimekunjwa vilevile. Kizuri hujiuza pale tu kinapokutana na mtu aliyekuja kukitafuta.

Kosa langu mwenyewe

Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja huku Uyui, kulikuwa na kikundi cha akina mama tisa. Walikuwa wanakwenda mjini kwa mafundi cherehani, wanaomba au kununua kwa bei ndogo vipande vya vitenge vinavyobaki baada ya kukata nguo. Vipande hivyo wanavipanga kwa rangi, wanaviunga, wanaweka kitambaa kizito chini, wanashona kuwa shuka kubwa la kufunika kitanda. Ukiliona, unasimama. Viraka vya kijani na vya rangi ya ugoro vimepangwa kama mashamba yanavyoonekana ukiwa juu ya kilima.

Mimi ndiye niliyewaambia waende kwenye maonesho. Nilikuwa nimeagizwa kutafuta vikundi, banda lilikuwa na meza ambazo hazijajaa, na kikundi hiki kilikuwa kizuri kwa macho. Sikuwauliza wanauza kwa nani. Sikujiuliza mimi mwenyewe nani anakuja pale. Nilisema tu, "Mtajulikana."

Wakaenda mama mwenyekiti na mwenzake mmoja, na mashuka 14. Meza yao ikawekwa kati ya wauza mbegu na wauza mabomba ya kupulizia dawa. Kila siku watu walipita mamia kwa mamia. Waligusa viraka, wakasema "mama hongera," wakauliza bei, wakasikia shilingi 80,000, wakaitikia kwa kichwa na kwenda zao kutazama ng'ombe wa maziwa. Siku nane zilipoisha walikuwa wameuza shuka 1.

Jioni ya mwisho niliwakuta wanakunja. Nikasema maneno tunayoyasema siku zote, kwamba la muhimu ni kujitangaza. Mama mwenyekiti hakunijibu kwa hasira. Alisema, "Mwanangu, wale watu hawakuja kununua shuka. Walikuja na nauli ya kurudi na hela ya soda. Wewe ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Na mtu wa kujua kabla yao nilikuwa mimi.

Tupige hesabu bila aibu

Tukakaa baadaye chini ya mwembe tukaandika kila kitu. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mzigo: 28,000. Chakula cha watu wawili kwa siku nane, kila mmoja 6,000 kwa siku: 96,000. Chumba kimoja usiku nane kwa 10,000: 80,000. Mchango wa meza: 50,000. Bango na kadi za simu: 25,000. Jumla 279,000.

Kila shuka, ukiondoa vitambaa, nyuzi na kazi ya cherehani, lilikuwa linawaachia kama 35,000. Gawanya 279,000 kwa 35,000. Utaona walihitaji kuuza mashuka 8 ili warudishe gharama za safari tu. La 9 ndilo lingekuwa faida ya kwanza. Kwa siku nane, hiyo ni shuka moja kila siku bila kukosa.

Hapo ndipo ilipo siri ya kutembelea kwanza. Kama mmoja wao angekwenda mwaka uliotangulia kwa siku moja tu, akakaa karibu na meza yoyote inayouza kitu cha 80,000 cha kupendezesha nyumba, angeona kwa macho yake kama kuna hata mtu mmoja anayetoa noti nane kwa siku. Nauli ya siku hiyo moja ingewaokolea karibu laki mbili. Fedha zile zilitoka kwenye kikoba chao. Ilibidi zirudishwe na riba, na mama mmoja aliuza mbuzi wake kwa sababu hiyo. Mbuzi huyo nilikuwa namfahamu, nilimwandikia dawa ya minyoo.

Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo kwa mwaliko wowote, fanya hesabu hii: jumla ya gharama zote, gawanya kwa faida ya bidhaa moja. Jibu ni idadi unayopaswa kuuza kabla ya kupata hata senti. Kisha nenda kaangalie kama mahali pale panaweza kuuza idadi hiyo.

Watu wa misafara walilijua hili

Sisi wa Tabora hatupaswi kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Mji wetu ulikua kwa sababu ya biashara ya njia ndefu kutoka Bagamoyo kupita Unyanyembe hadi Ujiji. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia watu waliotekwa na kuuzwa, jambo ambalo hatuwezi kulipamba. Lakini wapagazi na wafanyabiashara Wanyamwezi walioipita kwa miguu yao walikuwa na elimu moja ambayo leo tumeiacha: walijua kwamba kila mahali pana bidhaa yake.

Chukua shanga. Henry Morton Stanley alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akinunua mizigo ya safari iliyomfikisha Ujiji kwa Livingstone, alilazimika kwanza kuwauliza wafanyabiashara waliokwisha kuingia bara. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 anaeleza kuwa shanga nyeusi zilikuwa fedha kamili Ugogo, lakini ukizivusha hapo hazina maana kwa wengine. Zile kubwa kama mayai zilithaminiwa Ujiji na kukataliwa kwingineko. Nyeupe zilipokelewa Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Zilikuwa shanga nzuri zote, wala hakuna iliyokuwa mbovu. Lakini msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba mzigo wa bure mabegani mwa watu, na njaa ilikuwa mbele.

Hata Ujiji penyewe, wapita njia wa miaka ya 1870 walikuta sokoni shanga ziitwazo sofi zikitumika kama sarafu. Asubuhi soko likifunguliwa, kulikuwa na watu wa kubadilisha: unawapa shanga ulizo nazo, wanakupa sofi, ndipo unaingia kununua samaki na mafuta ya mawese. Jioni wauzaji wanazirudisha kwao. Mgeni ambaye hakujua hilo alisimama katikati ya soko lililojaa chakula na mikono yake imejaa mali, asipate kitu.

Akina mama wangu wa mashuka walikuwa wamebeba shanga nyeusi na mimi nikawavusha Ugogo.

Ukienda kutembelea, angalia haya

Kutembelea si kuzurura. Nenda na daftari dogo, kalamu na maji ya kunywa. Ukienda na mwenzako, gawaneni: mmoja akae sehemu moja, mwingine azunguke.

1. Simama langoni saa moja jioni ukitazama wanaotoka. Usiangalie wanaoingia, kwa sababu wanaoingia hawana kitu mkononi. Waliobeba kitu wanatoka na nini? Miche? Vifaranga? Sufuria? Chupa ya asali? Hapo umejua watu wa pale wananunua nini, hata kama vipaza sauti vinasema mengine.

2. Chagua siku mbili zisizofanana. Nane Nane, kwa mfano, huanza tarehe 1 Agosti na kilele ni tarehe 8. Siku ya kilele kuna viongozi, bendi na umati, lakini umati unaomfuata kiongozi haununui, unasukumana. Siku ya kawaida katikati ya wiki ndiyo inayokuonesha biashara yenyewe.

3. Tafuta bidhaa inayofanana na yako kwa bei. Usitafute inayofanana kwa sura tu. Kama wewe unauza cha 80,000, kaa karibu na mwenye kitu cha bei hiyo, hata kama ni kiti au redio. Hesabu ameuza mara ngapi kwa saa tatu.

4. Hesabu wenzako. Kwenye maonesho ya huku kwetu utakuta meza za asali zimepangana kama mabani ya tumbaku. Asali ya Tabora ina sifa nchi nzima, lakini ndani ya Tabora kila mtu ana mjomba mwenye mizinga. Ukiwa wa kumi na tano katika mstari, mnunuzi atauliza bei kumi na nne kabla hajafika kwako.

5. Angalia mahali palivyo. Jua la saa nane linapiga wapi? Kitambaa kikikaa siku nane juani kinapauka. Vumbi linatoka upande gani? Usiku nani analinda, na mzigo ukipotea nani anawajibika? Choo kiko mbali kiasi gani kwa mtu aliye peke yake mezani?

6. Ongea na wauzaji siku ya mwisho, wakati wanafunga mizigo. Siku ya kwanza kila mtu atakuambia mambo ni mazuri. Siku ya mwisho, akiwa anakunja turubai, atakuambia ukweli. Muulize swali moja: "Mwakani utarudi?" Kisha nyamaza umsikilize.

7. Uliza malipo yanavyofanyika. Kama meza inalipiwa kwenye taasisi ya serikali, utapewa namba ya malipo na stakabadhi. Usimpe mtu hela mkononi kwa ahadi ya "nitakuwekea sehemu nzuri."

Ukitoka pale na majibu ya hayo saba, umejifunza kuliko kwenye semina zangu tatu.

Kila mahali na kazi yake

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi maonesho hayana maana. Nasema hayafanani.

Nane Nane ya Kanda ya Magharibi, pale Ipuli, ni mahali pa mkulima. Anayekuja pale anataka kuona mbegu, mifugo, zana, na kujifunza. Mwenye miche ya matunda, vifaranga, mbegu bora, majiko yanayotumia kuni kidogo au asali kwenye chupa ndogo za bei ya mfukoni anaweza kufanya vizuri. Vikapu vidogo na vipawa vya bei ya chini navyo huenda. Shuka la 80,000, hapana, isipokuwa unakwenda na moja tu la kuonesha na daftari la kuandika oda.

Sabasaba ya Dar es Salaam ni jambo jingine. Maonesho yale ya TanTrade kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, huanza mwishoni mwa Juni na kupita tarehe 7 Julai yenyewe. Mji ni mkubwa, wenye hela wapo, wageni wa nje wapo. Lakini kutoka Tabora hesabu ya nauli na malazi inapanda mara kadhaa, na mnunuzi wa pale anataka ufungashaji, lebo, na uhakika kwamba akitaka vipande 50 utavileta. Kama hamjaweza kushona viwili vinavyolingana vipimo, bado. Mkiweza, anzieni kwa SIDO. Shirika hilo lipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na mara nyingi hupeleka wajasiriamali kwenye maonesho kwa pamoja, gharama ikapungua. Yapo pia maonesho ya Nguvu Kazi ya Afrika Mashariki, maarufu kama Jua Kali, ambayo tangu mwaka 1999 huzunguka nchi za Jumuiya. Hayo ni ya mtu aliyekwisha kujipima nyumbani.

Minada na magulio yetu usiyadharau. Siku ya gulio mtu anakuja na hela akiwa na nia ya kununua. Mikeka, vyungu na vikapu vya kazi, yaani vya kubebea na kuhifadhia, pale ndipo kwao. Na kwenye vijiji vya tumbaku, angalia kalenda ya malipo ya AMCOS kabla ya kalenda ya maonesho. Gulio la wiki ambayo malipo yameingia, Urambo, Kaliua au Sikonge, linaweza kukuuzia kuliko siku nane za banda.

Stesheni nayo ni soko. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mpaka leo hapa ndipo njia ya Kigoma na ya Mwanza zinapoachana. Msafiri anayesubiri treni ana muda, na anataka zawadi ya kupeleka nyumbani. Lakini anataka kitu kinachoingia kwenye begi. Kwa hiyo pale peleka kitu kidogo chepesi: mfuko wa viraka, mto, asali ya chupa isiyovuja.

Na Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, wageni huja kwa ajili ya historia. Usitegemee umati. Lakini mgeni aliyesafiri mpaka pale anataka kuondoka na kitu chenye alama ya mahali, na mara nyingi haoni cha kununua. Kikundi cha jirani kikikubaliana na wahusika kuweka vitu vichache vyenye maelezo mafupi, hakipotezi nauli wala malazi.

Mama mwenyekiti alipokwenda kutembea mwenyewe

Nirudi kwa akina mama wangu. Mwaka uliofuata hawakwenda kokote na mzigo. Mama mwenyekiti alifanya jambo ambalo nilipaswa kumshauri tangu mwanzo: alikwenda mjini Tabora bila kitu chochote, akakaa siku nzima kwenye kibaraza cha fundi mmoja anayemuuzia vipande. Alikuwa anatazama nani anaingia na anatafuta nini.

Aliona kina mama wa kamati. Wanakuja watatu watatu, wamevaa vizuri, wana orodha mkononi na hela iliyochangwa. Wanatafuta zawadi za kitchen party na send-off. Wanataka kitu kikubwa kinachoonekana kikifunguliwa mbele za watu, ambacho bibi harusi mwingine hana. Wamechoka na vyombo na mablanketi ya dukani yanayofanana.

Kwa hao, 80,000 haikuwa nyingi, kwa sababu haitoki kwa mtu mmoja.

Akaacha mashuka mawili kwa fundi yule kama sampuli, wakakubaliana fundi apate 8,000 kwa kila litakalouzwa. Akaweka sharti: oda haianzi bila nusu ya malipo. Kati ya Agosti na Desemba waliuza sita. Mteja mmoja aliwasumbua, alichukua shuka siku ya sherehe na nusu ya pili haijalipwa mpaka leo. Si muujiza. Lakini sita bila meza, bila chumba cha kulala wageni, bila fulana, na kikoba hakikuguswa. Na walipata jambo ambalo maonesho hayakuwapa: wateja walianza kusema wanataka rangi gani.

Kumbe shuka lilikuwa zuri tangu siku ya kwanza. Sikuwa nimelifikisha tu kwa mtu wake.

Viraka vya watu wa mto Alabama

Kwa kuwa nimezungumza viraka, nimalizie na wenzetu wa mbali wanaoshona kazi hiihii. Kusini mwa Marekani, jimbo la Alabama, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, ndani ya kona ya mto. Wakazi wake wengi ni wajukuu wa watu waliotumikishwa utumwani kwenye mashamba ya pamba. Akina mama wa pale walishona mablanketi ya viraka kutokana na suruali na mashati ya shamba yaliyochakaa, ili watoto wasipate baridi.

Mwaka 1966 wanawake wa eneo lile walianzisha ushirika wa ushonaji, na baadaye wakapata zabuni za maduka makubwa. Hela iliingia, na hilo ni jambo jema. Lakini duka kubwa lilitaka kila kipande kiwe na vipimo vilevile na rangi zilezile, na ule ubunifu wa kila mama ukakaa pembeni. Halafu mwaka 2002 mablanketi ya kijiji kile yaliwekwa ukutani katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Houston, kisha New York, na watu wakasimama kuyatazama kama picha. Mwaka 2006 posta ya Marekani iliyatolea stempu.

Mikono ya kijiji kilekile na ufundi uleule. Mahali pamoja palitaka vifanane, pengine palitaka visifanane kabisa. Mshonaji asiyejua tofauti hiyo atapeleka kitu sahihi mahali pasipo sahihi.

Na jambo la mwisho kutoka kwao: mwaka 2007 baadhi ya washonaji wale walikwenda mahakamani kudai haki katika fedha zilizotokana na kazi zao. Umaarufu haukuwalinda. Kwa hiyo hata ukipata mahali pazuri, andika makubaliano. Fundi anayekuuzia, mwenye hoteli anayetundika kazi yako, mtu anayepiga picha za biashara: karatasi moja, sahihi mbili, shahidi mmoja.

Neno kwa wenzangu maafisa

Tunapenda mabanda yaliyojaa. Kiongozi akipita, tunataka aone vikundi, fulana na tabasamu, na taarifa yetu inasema "vikundi kadhaa vimeshiriki." Taarifa hiyo haina safu ya kuandika waliuza kiasi gani, wala nani alilipa nauli. Naomba tuiongeze safu hiyo. Kama tunakihitaji kikundi kwa ajili ya kupendezesha banda, basi tukilipie nauli na chakula, tukiambie wazi kwamba tunakihitaji sisi. Tusiliite jambo hilo soko.

Na kama tuna bajeti ndogo, afadhali tulipie nauli ya watu watano wakatembelee kwa siku moja kuliko meza ya kikundi kimoja kwa siku nane. Wale watano watarudi kijijini wakiwa na macho.

Wewe mkulima na mfanyabiashara, ukipigiwa simu mwaka huu, una haki ya kuuliza: Gharama zote ni kiasi gani? Nani analipa? Mwaka jana aliyeuza bidhaa kama yangu aliuza ngapi? Je, naweza kuja mwaka huu kama mgeni na kushiriki mwakani? Afisa mwema hatakasirika. Akikasirika, hapo napo umeshapata jibu.

Kiangazi hiki, kabla ya kushona fulana, shona mfuko mdogo wa daftari. Vaa viatu vya kutembelea, nenda ukatazame watu wanatoka na nini mkononi. Kazi yako inaweza kusubiri mwaka mmoja. Kikoba chenu hakiwezi.

Tukutane shambani.